Kumkosoa mchezaji wako bila kumtukana: mwongozo wa shabiki wa mzunguko

Sauti yangu ndiyo iliyoniponza. Jumatatu asubuhi, saluni moja ya Makole hapa Dodoma, kinyozi kaweka simu juu ya meza anasikiliza voisi za grupu la mashabiki huku mashine ikinguruma. Nimeingia, nimesalimia, nimekaa kwenye benchi kungoja zamu. Kwenye kiti yupo kijana, kitambaa kimemfunika mpaka shingoni, kichwa kainamisha. Voisi iliyofuata ikawa yangu. Niliirekodi Jumamosi usiku baada ya kufungwa: sekunde arobaini za kumwita beki wetu wa kushoto garasa, za kusema kahongwa, kisha nikamwingiza na mama yake mzazi. Kinyozi akacheka. Kijana akainua kichwa, akanitazama kupitia kioo.

"Kaka, hiyo sauti si yako?"

Alikuwa ni yeye, yule beki. Nilitamani umeme ukatike. Kinyozi naye ghafla akaona kuna nywele za kufagia.

"Krosi kweli ilikuwa mbovu," kijana akasema, taratibu tu, bila hasira. "Ila mama yangu hajui hata kona ni kitu gani."

Jina lake sitalitaja. Aliyekosea ni mimi. Lakini jibu lake lilinipa kipimo ambacho nimekitumia tangu siku ile, na ndicho ninachokuandikia hapa. Yale niliyoyaona uwanjani, yaani krosi, aliyakubali bila ubishi. Yale ambayo sikuyaona, nikayaokota tu kwenye hasira zangu, aliyakataa, na alikuwa na haki. Ukikaa mzunguko, yale majukwaa ya kawaida, pale uwanja wa Jamhuri unaiona miguu ya mchezaji, unaona amesimama wapi na anakimbia vipi. Moyo wake huuoni, mfuko wake huuoni, ukoo wake ndiyo kabisa. Sema unachokiona kutoka pale ulipoketi.

Kwanza tumalize hili la utani

Najua utaniambia: "Acha ulaini, mpira ni utani." Haya, tuuzungumzie utani wenyewe, maana Tanzania hatujaupata kwenye simu. Simba na Yanga ni watani wa jadi, na kabla yao makabila yalikuwa na watani wao. Mtani wa kweli huja msibani akajifanya marehemu anamdai, akawakejeli wafiwa mpaka wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini mtani huyohuyo utamkuta kashika jembe kaburini, utamkuta anachota maji na kupasua kuni. Na kesho ukimkuta yeye kwenye shida, zamu ni yako, utamsema utakavyo na hatanuna.

Kwa hiyo utani una mambo mawili: unarudishwa, na una wajibu. Sasa mpime mchezaji wako. Mashabiki elfu tatu wanamsema mtu mmoja, naye akijibu mmoja tu, klabu inamwita ofisini. Na huyo aliyemsema hajamsaidia hata kubeba begi. Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani wataniane watakavyo, wapo sawa kwa sawa. Mchezaji wako mwenyewe si mtani wako. Yuko upande wako, amevaa jezi yako.

Hatua ya kwanza: tazama mpira kabla ya kuuzungumzia

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wetu tunaporuka. Shabiki anayejua alichokiona huwa hana haja ya kutukana, maneno yake yanatosha. Tusi mara nyingi linaziba pengo la mtu ambaye hakuwa anaangalia.

Mimi nilikuwa nanunua karanga. Ndiyo ukweli. Bao lile lilianzia upande wa pili, mpira ukapotezwa katikati, winga wetu hakurudi kukaba, beki wa kushoto akajikuta peke yake na watu wawili. Niliinua macho nikamwona yeye ameachwa, nikamhukumu yeye. Yote haya alinieleza kinyozi akimalizia kisogo, na nilipokwenda kuitazama marudio kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha mpira, nikakuta ndivyo ilivyokuwa.

Fanya hivi. Chagua mchezaji mmoja, yule anayekukera zaidi, na umtazame yeye tu kwa dakika kumi, hasa asipokuwa na mpira. Anasimama wapi timu inaposhambuliwa? Anamwangalia nani? Anaomba mpira au anajificha nyuma ya mpinzani? Jambo likitokea, andika kwenye simu dakika na maneno matatu: "23, kasimama, kaachwa." Ukifika mapumziko una mistari mitano au sita yenye uzito kuliko kelele za mzunguko mzima.

Kisha jiulize vitu vitatu kabla hujamtwika mtu lawama.

Nani alikuwa karibu yake? Bao huwa na safari ndefu. Chukua mechi ya Taifa Stars na Kenya kule Misri, AFCON ya 2019. Simon Msuva akafunga mapema, wakarudisha, Mbwana Samatta akatuweka mbele tena, 2-1, na bado tukafungwa 3-2. Mitaani kila mtu alikuwa na mchezaji wake mmoja wa kumbebesha msalaba. Lakini timu inayoongoza mara mbili ikafungwa huwa imeshindwa mahali pengi: kukaba, kumiliki mpira, pumzi, mabadiliko ya kocha. Ukimtaja mmoja, taja na wenzake.

Hali ilikuwaje? Anayekaa Dodoma anaujua upepo wa kiangazi, unavyobeba vumbi na mifuko. Unabeba na mpira. Kipindi cha kwanza kipa anaelekea upepo, anapiga mpira wa goli unarudi kama umefungwa kamba, halafu kuna mtu anapiga kelele "huyu hana mguu." Kipindi cha pili wanabadilisha upande, mguu anao.

Na tatu, alitumwa nini? Hili hulioni, ndiyo maana inakupasa ulikumbuke. Kijana wangu wa saluni alikatazwa na mwalimu, yaani kocha, kuvuka mstari wa kati ovyo. Mimi niliandika kwenye grupu kwamba ni mvivu, hapandi kushambulia.

Kuna lingine ambalo hata kwa darubini hulioni. Tarehe 26 Mei 2018, Kyiv, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, kipa wa Liverpool, Loris Karius, alifanya makosa mawili ya wazi, na Real Madrid wakashinda 3-1. Alitumiwa vitisho vya kuuawa. Siku chache baadaye madaktari wa Boston waliompima walisema alipata mtikisiko wa ubongo. Kabla ya bao la kwanza alikuwa amegongwa kichwani na kiwiko cha Sergio Ramos. Unaweza kubishana kama ndiyo sababu ya makosa yale, watu wanabishana mpaka leo. Lakini waliokuwa wanacharaza matusi usiku ule hawakuwa na habari yoyote ya kichwa chake, na bado waliandika kwa uhakika kama waliokuwemo ndani.

Hatua ya pili: ni kosa, ni kiwango, au ni nidhamu?

Vitu hivi vitatu tunavichanganya kwenye sufuria moja.

Kosa ni tukio: amepaisha penalti, amepiga pasi kwa adui, ametoka vibaya kwenye kona. Dakika moja inatosha kuwa ushahidi, lakini hukumu yako nayo iishie kwenye dakika hiyo. Mtu aliyekosa penalti amekosa penalti. Hajawa "mchezaji wa mchongo" kwa sababu hiyo.

Kiwango kinahitaji mechi nyingi. Ukitaka kusema fulani ameshuka, uwe umemtazama mechi nne au tano mfululizo, na useme ameshuka katika nini: kasi, pasi, ukabaji, umaliziaji. "Ameisha" si uchambuzi. Watu wangapi tuliwaandikia tanzia, wakahama timu wakang'aa?

Nidhamu ni kile kilichoonekana hadharani: kadi nyekundu ya kijinga, kumsukuma mwamuzi, kutoka uwanjani kwa hasira. Hapo mseme kwa ukali kabisa, ni haki yako, umelipa kiingilio. Lakini kuwa alionekana baa fulani, kwamba ana wanawake wangapi, hayo umeyapata kwa mtu aliyeyapata kwa mtu.

Hatua ya tatu: unga sentensi yenye mifupa

Ukosoaji mzuri una vitu vinne: lini, alifanya nini, alipaswa kufanya nini, ikagharimu nini. Vikikamilika, sentensi inasimama yenyewe hata ukiwa umekasirika. Tazama kipa.

Ya kwanza, ile tuliyoizoea: "Kipa nyanya huyu, mikono imetoboka, nani kamleta?"

Ya pili: "Dakika ya 71 alitoka kufuata kona, akasita katikati. Mpira ukamkuta hayupo golini wala hajaufikia. Angebaki kwenye mstari, au angetoka moja kwa moja apige ngumi. Bao la pili limetoka hapo."

Angalia kwamba ya pili ni kali zaidi. Haimwachii kipa pa kujificha. Ile ya kwanza anaweza kuipuuza kwa sababu ni kelele, hii ya pili itamfuata mpaka mazoezini. Watu hudhani heshima ni kupunguza makali. Hapana, kumheshimu mchezaji si kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwambie, ila mwambie kitu.

Straika: badala ya "mzigo, anakula mshahara wa bure," sema, "Mechi nne nimemhesabu. Anapokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, na kila mara anaurudisha nyuma. Hajageuka hata mara moja. Kama mwalimu anataka amshikilie beki, sawa, lakini basi awepo mtu wa kukimbilia mbele yake, na hayupo." Umemkosoa yeye, ukagusa na mpango wa timu, na mtu anayejua mpira atakujibu kwa hoja.

Winga anayepiga chenga nyingi: "Akifika mbele ya beki anasubiri beki wa pili afike, ndipo anaanza. Angeanza mapema angekuwa mmoja kwa mmoja." Inatosha.

Na neno "garasa" je? Mwanzoni nilitaka kuliweka kwenye orodha ya marufuku, nikaghairi. Ni neno la karata, karata isiyo na pointi, na shabiki akisema usajili fulani ni garasa anazungumzia pesa ya klabu ilivyotumika. Silipendi, ni la kivivu, lakini si tusi la nguoni. Ukilitumia, ongeza kwa nini. Ukishindwa kuongeza kwa nini, ndipo ujue ulitaka kutukana tu.

Jambo dogo: mzani uwe mmoja. Kama umeandika dakika za makosa, andika na za mazuri. Mchezaji akikata mashambulizi sita na kukosea moja, ripoti yenye hilo moja tu ni uongo uliojengwa kwa ukweli.

Hatua ya nne: maneno ya kuacha nyumbani

Wazazi. Halina maelezo, nimeshalipia somo lake kwenye benchi la saluni.

Kabila. Sisi Wagogo tunaijua ile kejeli ya ombaomba ilivyo. Tumeisikia stendi, tumeisikia Dar es Salaam, na kuna wajinga wameipeleka uwanjani kwa kijana mzawa wa hapa akikosa bao. Haina uhusiano wowote na mguu wake. Vilevile ile ya "rudi kwenu" kwa mchezaji wa kutoka Kongo au Ghana ambaye wiki iliyopita, alipofunga, ulimbeba mgongoni. Dini na rangi zimo humuhumu. Bukayo Saka alikuwa na miaka 19 alipokosa penalti ya mwisho ya Uingereza dhidi ya Italia pale Wembley, Julai 11, 2021. Yeye, Marcus Rashford na Jadon Sancho walimwagiwa matusi ya rangi mtandaoni kwa penalti tatu. Hakuna hata penalti moja kati ya zile iliyopigwa na ngozi. Baadhi ya waliotuma walikamatwa na kufikishwa mahakamani.

Mwili wa mchezaji, hasa kwenye ligi ya wanawake. Nimekaa mzunguko nikasikia wanaume wazima wakijadili kila kitu cha binti isipokuwa alivyokuwa anacheza, na alikuwa anacheza vizuri kuliko wanaume wengi tunaowalipia kiingilio. Ukitaka kumkosoa, rudi hatua ya tatu, sentensi ni ileile.

Majeraha. "Kigonjwa huyu" ni tusi kwa mtu aliyeumia akiitumikia timu yako.

Sasa tulifikie lile kubwa: "ameuza mechi." Kwetu hili ndilo tusi la taifa. Kipa akifungwa bao la mbali, kahongwa. Beki akijifunga, kahongwa. Mshambuliaji akipaisha mbele ya watani, kapewa bahasha. Tunalisema kirahisi kama vile tunasema kachoka, kumbe tunamtuhumu mtu jinai, inayoweza kumfungia riziki yake na kumfuata mpaka kwenye timu nyingine. Na mashtaka haya hayana dawa kwa upande wake: akicheza vibaya ni ushahidi, akicheza vizuri mechi inayofuata ni "anajisafisha."

Kuuza mechi kupo duniani, sikatai. Ndiyo maana kuna njia. Kama una kitu mkononi, ujumbe, muamala, mtu aliyeona, kipeleke: Bodi ya Ligi, shirikisho la mpira TFF, polisi, au TAKUKURU wa kupambana na rushwa, ambao namba yao 113 ni bure kupiga. Kama huna cha kuwaambia wao, basi huna cha kuliambia grupu. Sema alichofanya: "Alijifunga dakika ya 80 akiokoa krosi ambayo angeiacha itoke." Andrés Escobar wa Colombia alijifunga tarehe 22 Juni 1994 kwenye Kombe la Dunia, mechi na Marekani. Alikuwa ananyoosha mguu kuzuia krosi. Siku kumi baadaye alipigwa risasi Medellín, mji wake mwenyewe. Sisemi voisi yako itafika huko. Nasema tu alikuwa ananyoosha mguu kuzuia krosi.

Mdogo wake "ameuza" ni uchawi, zile habari za "kamati ya ufundi" na kwamba mchezaji fulani katupiwa kitu au katupia wenzake. Hulioni kutoka jukwaani. Pita.

Hatua ya tano: ukiwa uwanjani

Kuzomea kunaruhusiwa? Mimi nasema ndiyo, kwa masharti. Izomee timu filimbi ya mwisho ikilia, ikiwa imecheza hovyo. Ni lugha ya uwanja, wachezaji wanaielewa. Lakini kumchagua mmoja ukamzomea kila akigusa mpira kuanzia dakika ya kumi ni kujikata mguu mwenyewe. Mtazame anayezomewa: mpira ukija kwake anaurudisha nyuma haraka, haombi tena, anasimama pale ambapo pasi haiwezi kumfikia. Sasa mnacheza kumi, na mmeyafanya wenyewe.

Chupa, hata ikiwa tupu, hata ikiwa ya maji: hapana. Bodi ya Ligi huzitoza klabu faini kwa chupa za mashabiki, kwa hiyo umemrushia mchezaji wako kisha ukailipisha timu yako.

Jirani yako akianza matusi, usimhubirie. Ukimwambia "kaka, acha matusi" atakuongezea na yako. Mwulize mpira: "Kwani pale alitakiwa afanyeje?" Nimeijaribu mara nyingi. Mtu anasita, anafikiri, anaanza kueleza kwa mikono, na akishaanza kueleza amekwisha kuwa mchambuzi. Hata karanga atakugawia. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wa Dar es Salaam wanakuja asubuhi na kurudi jioni wakiwa na kelele zao zote, na mbinu hii inafanya kazi hata kwao.

Kwenye mchangani na michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, sheria ni moja tu: wale ni watoto. Mkubwa anayemzomea mtoto wa darasa la sita kwa kukosa bao aende akakae mbali.

Hatua ya sita: simu

Uwanjani hasira yako inamezwa na kelele. Kwenye simu inabaki, ina saa, ina namba yako, na kama nilivyoona, ina spika.

Kwanza angalia mkeka wako wa kubeti. Nasema hivi bila utani wowote. Sehemu kubwa ya matusi ya Jumamosi usiku si ya timu, ni ya mkeka uliochanika. Umeweka timu saba, sita zimeingia, na beki wako ndiye kachana ya saba dakika ya 90. Maumivu ninayajua. Lakini mchezaji hajawahi kuuona mkeka wako, na ukishinda hutampelekea mgawo. Kama umebeti, siku hiyo usiandike kitu kuhusu mchezaji mpaka umelala.

Pili, usimwingie mchezaji kwenye ukurasa wake, na hasa usimwandikie ujumbe wa faragha. Uchambuzi peleka kwenye grupu au kwenye ukurasa wako. Picha ya mtoto wake akitimiza miaka mitatu si mahali pa kujadili kona.

Tatu, rekodi voisi kama utakavyo, kisha isikilize yote kabla ya kutuma. Zile sekunde arobaini zangu ningezisikiliza mara moja tu, nisingezituma. Hata mimi mwenyewe nilijisikia vibaya nilipozisikia pale saluni, ukiacha aibu. Zilikuwa za mlevi, na mimi sinywi.

Na sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo ina vifungu vya matusi ya rangi, asili ya mtu na dini. Skrinshoti ni kitu cha sekunde moja. Admini wa grupu, wewe ndiye wa kwanza kufuta, usisubiri mambo yakukute.

Hatua ya saba: hakikisha unamkosoa anayestahili

Mara nyingi mchezaji ni wa karibu tu kumpiga. Beki wa kati amepangwa kulia kwa sababu hakuna beki wa kulia, na hakuna beki wa kulia kwa sababu hakusajiliwa. Hilo si la beki. Mpira unadunda vibaya kwa sababu ya uwanja. Timu imechoka kwa sababu ya safari ya basi. Mishahara imechelewa. Muulize aliyesajili, aliyepanga, aliyetakiwa kulipa.

Na hapa sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo mashabiki wengi hawana. Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Fedha zake zinajadiliwa na madiwani, na diwani wako unajua anaposhinda, pengine mnasali pamoja. Kama usajili hukuuelewa, muulize kwenye mkutano wa mtaa kama unavyomuuliza mfereji na taa za barabarani. Wakati mwingine diwani atakwepa. Mwulize tena mkutano ujao. Ni bora zaidi kuliko kumsubiri kijana wa miaka 20 getini.

Hatua ya nane: ukiteleza

Utateleza. Mpira ni wa moto, na mdomo hauna mlango wa chuma.

Futa ulichotuma, ila usidhani kufuta kunatosha, waliosikia wamesikia. Omba radhi palepale ulipotukania. Kama ulitukana kwenye grupu la watu 200, usijifiche ukaomba radhi kwa siri kisha grupu libaki na tusi. Taja ulichosema kwa sura yake: "Nilisema fulani kahongwa, sikuwa na ushahidi, nimekosea. Nilimtaja na mama yake, hilo ni kosa zaidi." Usiweke "kama kuna niliyemkwaza." Unajua uliyemkwaza. Na usichanganye radhi na uchambuzi, ile ya "samahani, ila krosi kweli ilikuwa mbovu." Krosi ina siku yake.

Mimi niliomba radhi mara mbili. Pale saluni, nikiwa nimesimama, maneno yakitoka vipande vipande, naye akacheka kidogo akasema, "Haina shida, kaka." Akalipa, akatoka. Nilitaka kumlipia, kinyozi akanikonyeza niache, na alikuwa sahihi, ningeonekana nanunua. Usiku nikarekodi voisi nyingine kwenye grupu, sekunde kumi na tatu. Wawili walinicheka, mmoja akaniita msaliti, watu kama sita wakaweka kidole gumba.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa nyumbani. Nilikaa mahali pangu pa mzunguko, karanga nimenunua mapema. Akapata mpira pembeni, nafasi nzuri kabisa, hakuna wa kumkaba, akapiga krosi ikapita juu ya goli mpaka kwa waokota mipira. Watu wakaguna. Nikatoa simu nikaandika: "Dakika ya 63. Mguu wa kushoto. Mwili umeegemea nyuma wakati anapiga, ndiyo maana umepaa. Ni mara ya pili leo."